Saratani ya shingo ya kizazi, hatua ya 1B1: lazima kizazi kitolewe?

Wakuu, mgonjwa ana miaka 31, hajazaa. Uvimbe sm 1.5, picha ya MRI haionyeshi kusambaa. Kizazi kinaweza kubakizwa?

Jibu: Kinaweza. Hutolewa shingo ya kizazi, tishu za pembeni na sehemu ya juu ya uke. Mfuko wa uzazi hubaki, ukifungwa uzi wa kudumu. Tezi za nyonga zipimwe kwanza: zikikutwa na saratani, mpango hugeuka kuwa mionzi na kemo. Akishika mimba, hatari kubwa ni kujifungua njiti, na atazaa kwa upasuaji.

Jibu: Nyongeza: ikiamuliwa kutoa kizazi chote, upasuaji huo mpana ufanywe kwa kufungua tumbo. Utafiti wa LACC (2018) ulionyesha kwamba baada ya upasuaji wa matundu madogo saratani hurudi zaidi.

Jibu: Ingekuwa hatua ya 1A1 (ya mapema zaidi) isiyoingia mishipa, kukata koni, yaani kipande cha shingo chenye umbo la koni, kungetosha, kingo za kipande zikiwa hazina saratani.