Picha ya nikahi yachelewa ukumbini, filta ya bloku nizime au nifanyeje?

mpigavideo_kibokoni

Asalaam aleikum wandugu. Mimi nafanya video za harusi hapa Mombasa, zaidi Mji wa Kale na Majengo, na siku hizi watu wataka nikahi ikisomwa msikitini kina mama waione papo hapo kwenye skrini ukumbini. Navuta waya wa netiweki toka msikitini mpaka ukumbini, kamera yaingia kwenye laptopu ya zamani ya koa mbili (viini viwili vya prosesa) haina kadi ya grafiki, naenkodi, yaani naibana video, kwa programu za ffmpeg na x264, halafu kule ukumbini kuna kisanduku cha bei rahisi ndo chafungua picha. Shida ni kwamba kina mama wasikia spika ya msikiti, bwana harusi ashajibu amekubali, vigelegele vishapigwa, na kwenye skrini kadhi ndo kwanza yuwamshika mkono. Kama sekunde mbili nyuma. Na kisanduku chenyewe chakwama kwama.

Kuna mtu kaniambia nizime filta ya bloku kwenye enkoda, ile yalainisha mipaka ya miraba ambayo picha hukatwa ikienkodiwa, manake ndo nzito kuliko zote. Nikaizima, kisanduku kikapata nafuu kweli, lakini ukutani na kwenye kanzu nyeupe miraba yaonekana waziwazi, na mama mtu hawezi kuoneshwa uso wa mwanawe umekatwa katwa vile siku kama hiyo. Na kuchelewa kuko pale pale! Setingi zangu ni preset medium (kasi ya wastani ya x264), 720p, fremu 25, na kabla ya kuenkodi napitisha filta ya atadenoise kuondoa chenga, zile punje punje za picha, manake taa za ndani hafifu. Nataka picha ya heshima na iwahi. Nisaidieni.

waya_mrefu_tudor

Waaleikum salaam. Ndugu yangu hapo kuna mambo mawili, uzito na kuchelewa, na dawa zake ni mbalimbali. Filta ya bloku ni kazi ya prosesa tu, fremu ikishaenkodiwa yalainishwa basi, haingoji fremu nyingine yoyote. Kinachokuweka nyuma ni kungoja. Preset medium huangalia fremu 40 mbele kabla haijaamua biti ziende wapi, kwa fremu 25 hiyo ni sekunde 1.6 ishapotea hujafanya kitu, halafu kuna B-fremu ambazo haziwezi kuenkodiwa mpaka fremu ya baadaye iwe ishafika. Na hiyo atadenoise yako kawaida yake huchanganya fremu 9, nne za nyuma na nne za mbele, kwa hivyo wangojea tena milisekunde 160 kwa ajili ya chenga.

Weka tune zerolatency. Yaondoa B-fremu, yaondoa kule kuangalia mbele, na yakata kila fremu vipande ili koa zako zote zishughulikie fremu moja kwa pamoja badala ya kila moja kushika fremu yake. Kwa biti zile zile ubora utashuka kidogo lakini wewe una waya, ongeza bitireti (biti kwa kila sekunde). Na atadenoise badili uweke hqdn3d, hiyo yatazama iliyopita tu na ni nyepesi mno kwa prosesa.

bi_fremu_likoni

Kaka wa Tudor kasema kweli, mimi naongezea kwa hiyo filta yenyewe manake yaonewa sana. Kwenye H.264, muundo wa video ambao x264 hutoa, toka 2003, filta ya bloku iko ndani ya mzunguko, yaani fremu iliyolainishwa ndo yatumika kutabiri fremu inayofuata. Kwa hivyo ukija kuiruka upande wa kisanduku peke yake, na enkoda imeiwasha, picha za pande mbili hazilingani tena na kosa lazidi kujilimbikiza fremu baada ya fremu mpaka ije fremu kamili nyingine, isiyotabiriwa kutoka kwa nyingine. Kuna watu hutumia setingi ya skip_loop_filter noref kwenye dikoda, yaani upande unaofungua picha, hiyo ni salama kwa sababu yaruka fremu zisizotegemewa na nyingine, lakini ukiweka zerolatency B-fremu hamna, kwa hivyo karibu hutapata faida yoyote hapo.

Ni kweli ni nzito, kwenye dikoda yaweza kula kama thuluthi ya kazi yote. Na si hesabu kubwa kubwa ndo zaleta uzito, ni maswali. Kila mpaka wa bloku ya 4 kwa 4 wapewa nguvu kutoka 0 mpaka 4, halafu kila mstari wa pikseli unaokatiza mpaka ule wapimwa tena kama tofauti ni ya bloku au ni ukingo wa kweli kama pindo la kanzu. Sasa hapa ndo pana ujanja wako: mpaka ukipata 0 filta haigusi kitu. Na 0 yapatikana bloku mbili jirani zikitoka fremu moja, zikisogea sawa, na zisiwe na mabaki ya kuenkodi, yaani tofauti inayobaki baada ya kutabiri. Kwa hivyo funga kamera kwenye stendi, usiishike mkononi! Ukuta wa msikiti ukikaa kimya karibu wote wawa 0, kisanduku chapumzika. Chenga nazo ndo hutoa mabaki kila fremu hata pahali hapana kitu kinachotembea, kwa hivyo taa moja ya ziada karibu na kadhi itakupunguzia kazi ya filta pande zote mbili, na uso utapendeza pia.

kijana_wa_kisauni

Kwani mbona asihamie H.265 tu, ule muundo uliokuja baada ya H.264? Nasikia filta yake yagawika vizuri.

bi_fremu_likoni

Yagawika, ndio mwanangu. Kule mipaka yashughulikiwa kwa gridi ya 8 kwa 8, nguvu ni 0 mpaka 2 tu, na mipaka ya wima ya picha yote yaweza kumalizwa kwanza ndo ije ya mlalo, kwa hivyo koa nyingi zafanya pamoja bila kungojana. Kazi nzuri sana ile, naiheshimu. Lakini wakaongeza filta ya pili juu yake, SAO, na AV1, muundo mwingine wa video, ndo ina hatua tatu. Kuenkodi H.265 papo hapo kwa laptopu ile ya koa mbili atakwama kabla khutba haijaanza. Abaki na H.264.

mpigavideo_kibokoni

Allah awalipe kheri. Nimejaribu nyumbani kwa stendi, zerolatency, hqdn3d na filta nimeiwasha tena, sauti na picha sasa vyaenda karibu sawa na kisanduku hakikwami. Ila katikati ya skrini kwaonekana kimstari cha mlalo hafifu nikitembeza mkono. Hiyo ni nini?

waya_mrefu_tudor

Hapo ndo vile vipande vyakutana. Ukitumia zerolatency x264 huiambia filta isivuke mpaka wa vipande, ili kila kipande kimalizwe peke yake bila kumngoja mwenzake. Koa mbili, vipande viwili, mshono mmoja katikati. Usiongeze threads (idadi ya kazi zinazoenda pamoja), zikizidi mishono yazidi. Pandisha bitireti kwanza, kwantaizesheni (kule kukadiria namba za picha ili kuokoa biti) ikishuka bloku zenyewe zakaribiana na mshono wafifia, na unapopanga fremu weka nyuso za kadhi na bwana harusi juu ya mstari ule, chini yake ije mikono na kanzu.