Maandalio yamekamilika, lakini watoto hawasomi: nianzie wapi?

Mwalimu Mkuu, Muheza: Ndugu walimu, ninaongoza shule ndogo ya msingi ya kijijini yenye walimu sita. Wathibiti ubora, yaani wakaguzi wa shule, walikuta maazimio ya kazi na maandalio ya somo yamekamilika, lakini mtoto wa darasa la tatu aliposimamishwa kusoma, alighani ukurasa mzima bila kukosea huku kitabu amekishika juu chini. Nifanye nini kabla hawajarudi?

Mthibiti mstaafu, Tanga: Mwalimu, kurudi kwao kusikukoseshe usingizi. Keti nyuma ya darasa kipindi kizima, uhesabu ni watoto wangapi wameulizwa swali. Nina hakika utakuta ni wale wale wa madawati ya mbele. Zungumza na mwalimu faraghani siku hiyo hiyo, ukianza na alichokifanya vizuri. Daftari la kukagua nalo lichukue mwenyewe kwa watoto wa nyuma, usingoje kuletewa.

Mwalimu wa darasa la pili, Pangani: Shikamoo mzee. Katika vikao vyetu vya MEWAKA (mafunzo endelevu ya walimu kazini) tulikubaliana kuacha kuitikia silabi kwa pamoja, tukakata kadi za silabi kutoka kwenye maboksi ili kila mtoto aunde neno lake. Kelele ziliongezeka, nakiri, lakini sasa tunajua nani hajui.

Mzazi, Muheza: Msisahau msimu wa machungwa, walimu wangu, wiki hizo nusu ya darasa liko shambani, nasi wazazi ndio tunaowapeleka.

Mwalimu Mkuu, Muheza: Nashukuru. Jumatatu ninaanza na darasa la tatu.