Unga mweupe kwenye nyanya: je, kuosha kunatosha?

Mama Tabata
Habari za jioni, ndugu zangu. Jana nilinunua sado ya nyanya gengeni, hapa Tabata, na nilipozimwagia maji kwenye beseni, maji yakawa meupe kama tui la mwisho. Muuzaji aliniambia kuwa hiyo ni dawa tu na kwamba nizioshe. Nina mtoto wa miezi minane ambaye ndiyo kwanza anaanza kula, na karibu kila chakula chake natia nyanya. Naomba wenye ujuzi wanieleze kama kuosha kunatosha.

Bwana Shamba Mstaafu
Dada, unga huo kwa kawaida ni mankozebu, dawa ya ukungu inayopigwa kuzuia ugonjwa wa bakajani, hasa wakati wa mvua. Hukaa juu ya ganda bila kuzama ndani ya tunda, na ndiyo sababu maji yanayotiririka pamoja na msuguano wa vidole huondoa sehemu kubwa. Hata hivyo si ya kubeza, kwa kuwa ikipikwa hutoa kemikali inayovuruga tezi ya koo, na Umoja wa Ulaya ulikataa kuendeleza idhini yake mwishoni mwa 2020. Kwa chakula cha mtoto, osha kisha menya kabla ya kupika.

Mimi nahofia zaidi zile usizoziona. Yule mdudu ambaye wakulima wamembatiza kantangaze, yaani Tuta absoluta, kiwavi wake hujichimbia ndani ya jani na tunda, kwa hiyo mkulima huchanganya dawa mbili tatu katika bomba moja, na mdudu akizizoea kipimo huongezwa. Baadhi yake, kama imidakloprid, hunyonywa na mmea, na hizo beseni lako halizitoi. Kinga iliyobaki ni siku za kusubiri kati ya kupiga dawa na kuvuna, ambazo huandikwa kwenye lebo.

Kibarua wa Zamani
Shikamoo mzee. Siku hizo zipo kwenye karatasi tu. Nilipiga dawa misimu minne huko Ilula kabla ya kuhamia Mbagala. Nyanya haziivi kwa pamoja: leo unachuma zilizoiva, kesho unapigia dawa zilizobaki, na keshokutwa dalali akipiga simu kwamba bei imepanda Dar, mwenye shamba hatamwambia asubiri wiki. Kipimo chetu kilikuwa kizibo cha chupa. Solo yangu, lile bomba la kupigia dawa linalobebwa mgongoni, ilivuja kwenye maungio ya mpira, fulana ikawa imelowa mgongoni kuanzia bomba la tatu, na jioni nilitokwa jasho, mate yakajaa mdomoni, na taa nikaiona kwa ukungu. Wenzangu walinipa maziwa.

Bwana Shamba Mstaafu
Marahaba, na pole sana. Hizo ni dalili za sumu ya organofosfati, kundi lenye dawa kama profenofosi, ambalo hukizuia kimeng'enya kinachozima ishara za mishipa ya fahamu. Maziwa si dawa yake. Mgonjwa huvuliwa nguo, huoshwa kwa sabuni na kukimbizwa hospitali pamoja na lebo, ambako hutibiwa kwa atropini. Je, maji ya kuoshea solo mliyamwaga wapi?

Kibarua wa Zamani
Mtoni, na makopo tuliyaacha hapohapo.

Jirani wa Kibaha
Mzee ameuliza swali zito. Huku kwetu, kwenye shamba la Vikuge, viuatilifu vilivyoletwa kama msaada miaka ya 1980 viliharibikia kwenye banda, na miaka mingi baadaye wapimaji walikuta bado kuna DDT, dawa ya kuua wadudu, kwenye udongo. Pale haikupigwa hata kwenye zao, ilivuja tu.

Muuza Nyanya, Ilala
Nami niseme langu. Tenga likiwa na nyanya zenye vidonda viwili vitatu, wateja hulipita na kwenda kwa jirani mwenye nyanya zinazong'aa. Mkulima anapata habari hiyo kwa dalali siku hiyohiyo.

Mama Tabata
Asanteni sana. Kusema kweli, jana mwenyewe nilirudisha tatu kwa sababu zilikuwa na madoa. Leo nimemenya kama nilivyoelekezwa. Nilizoea kuwapa kuku maganda, je, niendelee?

Bwana Shamba Mstaafu
Usiwape, dada, hasa kama mayai yao anakula mtoto huyohuyo.