Picha za kale za vipepeo na mimea: kuta za chokaa za Lamu zitazistahimili?

Bi Mkomani (Lamu)

Assalaam alaykum. Nina nyumba ya mawe hapa Mkomani, ya kurithi, na sasa naupamba upya ukumbi wake. Nimenunua Malindi karatasi kadhaa zenye picha za vipepeo na mimea, zile za kizamani za wataalamu wa viumbe, zenye majina ya Kilatini chini. Muuzaji aliapa kuwa zote ni asili, za zaidi ya miaka mia. Nitajuaje?

La pili, ukuta wangu hutoka jasho wakati wa mvua, na sehemu ya chini hutoa unga wa chumvi. Picha zitadumu?

La tatu ni la nyumbani. Mama hapendi picha ya chenye roho mahali tunaposwalia, nami sitaki kumvunjia heshima. Lakini nimezipenda mno, hasa moja yenye kiwavi, pupa na kipepeo, wote juu ya tawi moja.

Fundi Fremu (Malindi)

Waalaykum salaam, Bi. Kazi yangu ni fremu, na hakuna karatasi ninayofurahi kuipokea dukani kama za aina hii.

Chukua kioo cha kukuzia, utazame bawa la kipepeo kwa karibu. Ukiona vitone vya rangi vimejipanga safu kwa safu, hiyo mara nyingi ni chapa ya mashine ya juzijuzi, hata kama karatasi imechovywa chai ikawa njano. Picha ya bamba la shaba ina mistari mikali iliyochongwa, na rangi yake ilipakwa kwa brashi, kwa hiyo utaona mahali imevuka mstari kidogo au imekolea kuliko kwingine. Pitisha kidole pembezoni: bamba lilikandamizwa kwenye karatasi yenye unyevu, likaacha mbonyeo wa mstatili kuizunguka picha. Lakini usiikatae karatasi kwa kukosa mbonyeo huo tu. Kuna chapa ya jiwe, yaani picha iliyochorwa juu ya jiwe bapa kisha ikachapwa, aliyoibuni Alois Senefelder kule Ujerumani mnamo 1796, na yenyewe haiachi alama hiyo. Chapa za jiwe za rangi nyingi, za mwishoni mwa karne ya 19, nazo huwa na vitone, ila havifuati safu.

Hiyo ya kiwavi na kipepeo juu ya tawi moja imenigusa. Aliyeupa nguvu mpangilio huo ni Maria Sibylla Merian, aliyezaliwa Frankfurt mwaka 1647. Mwaka 1699, akiwa na umri wa miaka 52, alipanda meli na binti yake hadi Suriname, Amerika ya Kusini, akawachunguza wadudu wakiwa hai pamoja na mimea wanayoila. Kitabu chake kilitoka Amsterdam mwaka 1705, kikiwa na picha 60. Ya kwanza ni nanasi lenye mende! Humo mna muhogo, mna mgomba, mna mkorosho. Mtu wa pwani akiitazama atadhani mama yule aliishi Msabaha, hapa jirani na Malindi. Muhogo, nanasi na korosho asili yake ni Amerika ya Kusini, ndiko zilikotoka zikafika mashambani mwetu, na kwa maoni yangu hakuna picha za kigeni zinazokubaliana na nyumba zetu kama zake. Karatasi halisi ya 1705 ni ghali mno kuuzwa dukani kwetu, lakini nakala nzuri ina heshima yake.

Sasa ukuta. Hapa nasema kwa nguvu: karatasi ya asili usiitundike kwenye ukuta wa matumbawe unaotoka jasho. Ukungu utaingia, na madoa ya kahawia hayafutiki. Tundika nakala, asili ikae chumba cha juu, kikavu. Kioo kisiiguse karatasi, kwa hiyo izungushie kadi nene isiyo na asidi. Selotepu marufuku. Nyuma ya fremu gundisha vipande vya kizibo kwenye pembe nne, hewa ipite kati yake na ukuta. Misumari ya chuma huliwa na chumvi, tumia skurubu za shaba. Na iwe mbali na jua linaloingia kutoka kiwanda cha nyumba, yaani ua wa ndani, maana rangi za maji hufifia haraka.

Mtu asikushauri kupaka saruji ili ukuta ukauke. Saruji huufungia unyevu ndani.

Mfugaji (Gede)

Naongezea. Ninafuga vipepeo kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, na pupa tunauza kupitia mradi wa Kipepeo ulioanza 1993. Picha nyingi za kale zilichorwa kwa kutazama vipepeo waliochomwa sindano, mabawa yametandazwa. Wengi wakiwa hai hupumzika wamefunga mabawa juu ya mgongo, na upande wa chini una mapambo mengine kabisa.

Bi, ukitaka wa kwetu, tafuta Papilio demodocus, yule wa mndimu. Kiwavi wake akiwa mdogo hufanana na kinyesi cha ndege. Akikua anakuwa kijani, humwoni jinsi alivyojificha majanini. Mchoraji aliyezionyesha hatua hizo zote mimi humheshimu. Vitabu vingi vya kale vinapatikana bure mtandaoni kwenye Biodiversity Heritage Library, waweza kupakua ukachapisha.

Mwalimu (Langoni)

Kuhusu mama, msikilize. Nyumba za Lamu zimepambwa kwa mimea tangu zamani: tazama nakshi za milango, tazama lipu ya zidaka, vile vishubaka vya ukutani, ni majani na mawaridi. Panaposwaliwa weka mimea mitupu. Vipepeo wapeleke chumba cha wageni, akiridhia.

Bi Mkomani (Lamu)

Shukran nyote. Nimetazama kwa kioo: zote zina vitone safu kwa safu isipokuwa moja, ua jeupe lenye mizizi yake, na hiyo ina mbonyeo kabisa. Mama ameipenda, anaitaka ukumbini. Nitachapisha nakala yake. Ya kiwavi itapanda chumba cha wageni, ameridhia. Fundi, kadi isiyo na asidi unayo, au niagize Mombasa?

Fundi Fremu (Malindi)

Ninayo. Ukiniletea hiyo picha ya ua, usiikunje wala kuiviringisha, ilaze kati ya kadi mbili safi, uifunge kwa nailoni. Kwenye boti ya Mokowe iweke mapajani, maji ya bahari yasiifikie.