Naombeni ushauri: tunampeleka mzee kijijini kwao, familia nzima

Habari zenu wakuu. Baba yangu aliondoka kijijini kwao akiwa kijana mdogo na tangu babu afariki hajawahi kukanyaga tena. Mwaka huu kasema anataka kwenda na wajukuu wapaone. Sisi wote tumefurahi ila nina wasiwasi mkubwa, mtu tunayemjua kule ni mmoja tu, mtoto wa mdogo wake babu, na tunaongea naye kwa simu mara moja moja. Juzi baba kachukua karatasi kachora njia, mto, mwamba, kisima, alafu kafika pale njia inapogawanyika kalamu ikasimama, kakaa anaangalia tu. Roho iliniuma sana. Naogopa tukifika asikute chochote anachokikumbuka. Na watoto je, mkubwa ana miaka 14 mdogo 6, niwabebe wote? Waliowahi kufanya hii kitu nisaidieni.

Mkongwe: Ndugu yangu mwandae mzee mapema, nyumba usimwahidi. Nyumba isiyokaliwa paa ndio linaanza kwenda, mvua ikishaingia kwenye kuta basi haichukui muda inabaki tuta na majani. Ila mto, mwamba na kilima havihami. Mwambie mnakwenda kutafuta hivyo kwanza, akishaupata mwamba atakuonyesha mwenyewe nyumba ilikaa upande gani.

mama_wawili: Mimi nakushauri kitu kimoja, msitokee ghafla. Gari limejaa watu wageni linasimama, wanashuka wanaanza kuonyeshana vidole huku na kule na kupiga picha, hata mimi ningejua wamefuata ardhi. Huyo ndugu yenu apeleke taarifa kabla, aseme mnakuja kusalimia na kuona makaburi ya wazee, na mkifika muanzie kwa wakubwa wa ukoo. Safari ya kwanza habari za mipaka msizitaje kabisa, hata kama mzee ana haki yake. Hilo lina siku yake.

Dereva wa Usiku: Pakueni ramani ya eneo kwenye simu kabla hamjatoka. GPS inashika satelaiti moja kwa moja haihitaji data, kwa hiyo hata pasipo na mtandao utajua ulipo. Mkifika kaburini au kwenye kiwanja hifadhi lokesheni hapo hapo, maana mzee akishaondoka duniani hakuna atakayewaonyesha tena.

Mkongwe: Nyongeza hapo kwenye makaburi, kama yana maandishi yamefifia msisugue kwa brashi ya chuma wala dawa za kusafishia, mtamaliza jiwe. Pigeni picha asubuhi mapema au jioni, jua likipiga kwa ubavu herufi zinatoka zenyewe kwa kivuli.

kaka_mkubwa: Watoto mngewaacha safari hii. Mzee anahitaji utulivu, huyo wa miaka 6 atachoka nusu saa tu mtaanza kurudi.

mama_wawili: Sikubaliani na wewe kaka. Mzee kasema wajukuu wapaone, ukiwaacha safari yenyewe inakuwa imeharibika. Mdogo apewe mtu wa kukaa naye, akichoka apumzike. Huyo wa 14 mpe kazi ya kurekodi, simu si anaijua kuliko wewe. Aombe ruhusa kwanza, arekodi mzee mmoja mmoja maana wakiongea pamoja hutosikia kitu, na kila mmoja aanze kwa kutaja jina lake. Kwenye maswali asiulize mwaka, wazee wengi mwaka hawaushiki, aulize ilikuwa kabla ya mafuriko au baada, shule ilishajengwa au bado. Aulize pia maji walichota wapi na jirani alikuwa nani, hapo ndipo hadithi zinapofunguka.

Mtoa mada: Asanteni sana jamani. Nimempigia huyo ndugu leo hii hii, kumbe kuna bibi alicheza na baba utotoni bado yupo hai na akili zake ziko sawa. Baba nimemwambia, ameanza kunitajia majina ambayo sijawahi kuyasikia. Watoto wanaenda wote. Sasa swali, huyo bibi tumwone siku ya kwanza au tumpumzishe mzee kwanza?

Mkongwe: Siku ya kwanza hiyo hiyo mkuu, mkishamaliza salamu za wakubwa. Na nendeni naye hadi pale njia inapogawanyika kama miguu yake inaruhusu, yeye hajahama anaijua.