Tupeane uzoefu: ulipookoka, kichwa chako kilianza kubadilika wapi?

Kalamu Nyekundu (mleta mada)
Wapendwa Bwana asifiwe, na msiosema hivyo salamu zenu pia zipo. Jana natafuta karatasi fulani kwenye droo nikakutana na daftari langu la darasa la ubatizo. Kuna ukurasa nimeandika Warumi 12:2, "mgeuzwe kwa kufanywa upya nia zenu", nimepigia mstari mara mbili kwa wino mwekundu, halafu chini yake, ukurasa huohuo wino uleule, kuna hesabu nilizokuwa napiga za jinsi ya kumpunja mdogo wangu kwenye mgao wa kiwanja cha marehemu baba. Nikacheka kwanza, baadae sikucheka. Maana kipindi kile pombe nimeshaacha, kwaya naimba, mifungo sikosi, na lile dili la kiwanja lilikuwa halinisumbui hata kidogo, yaani kichwani lilikaa kama jambo la kawaida tu la mtu mwenye akili zake.

Na ukiisoma hiyo sura ya 12 yote Paulo haishii kwenye kusali, anashuka moja kwa moja kwenye mambo ya kujiona wewe ni zaidi, kukaribisha wageni, kutomlipa mtu ovu kwa ovu, kumlisha adui mwenye njaa. Sasa naomba tupeane uzoefu. Sio wewe uliacha nini, hizo shuhuda tumezisikia sana. Nauliza ni kitu gani ulikuwa unakiona sawa, imani ikakifanya usikione sawa tena, na ilichukua muda gani? (Kiwanja tuligawana sawa kwa sawa, msije mkanianza.)

Kibatari
Ulimi. Matusi yalikatika mapema, umbea ukaokoka pamoja na mimi. Nikawa nauleta kwenye kikundi cha maombi, "wapendwa tumuombee dada fulani, nasikia kwenye ndoa yake kuna hivi na hivi".

Dada Mpole
Hahahaha umenisema mimi. Maombi yenye jina kamili na ushahidi.

Mzee wa Benchi la Nyuma
Mimi ni hasira lakini sio hiyo mnayoifikiria. Sijawahi kupiga mtu wala kupaza sauti. Mimi nilikuwa nanuna. Mama watoto akinikosea naweza kumaliza wiki naongea na watoto tu, "mwambie mama yako chai imepoa", na yeye kakaa hapo hapo mezani. Na nilijiona mtakatifu kweli kweli, maana nikiwaangalia wenzangu wanafokea wake zao mimi nipo kimya na Biblia yangu mkononi. Kuna mzee mmoja wa kanisa, mtu wa maneno machache, alikuja nyumbani siku hiyo tumenuniana akaisoma ile hali bila kuambiwa. Wakati namsindikiza akaniuliza, "ukinyamaza huwa unasema nini huko ndani?" Aisee. Kule ndani nilikuwa naendesha kesi usiku na mchana, mlalamikaji mimi, shahidi mimi, hakimu mimi, na mshtakiwa hajui hata kama kuna kikao. Waefeso 4:26 inasema jua lisichwe na uchungu bado haujawatoka, mimi nilikuwa nasoma ule wa kufoka tu. Nikaanza kujilazimisha kusema kabla ya kulala. Siku ya kwanza nilitamka "nimeumia" sauti ikatoka kama ya jogoo anayejifunza kuwika, mke wangu akacheka mpaka akalia. Bado nanuna, lakini sasa hivi hazifiki siku mbili.

Mama Upendo
Baba umeandika habari za mume wangu. Namtumia sasa hivi.

Komandoo wa Imani
Samahanini lakini wengi humu hamjaokoka, mmejiunga na dini. 2 Wakorintho 5:17, ya kale yamepita tazama yamekuwa mapya. YAMEPITA. Mimi sigara niliitupa siku niliyompokea Yesu na hamu ikakatika saa hiyohiyo. Hizi habari za mara umbea unaisha kidogokidogo mara kununa kumepungua ni lugha ya watu wanaobembeleza dhambi.

Swali Gumu
Komandoo, John Newton alikuwa ameokoka au hajaokoka? Yule nahodha Mwingereza. Dhoruba ilimkuta baharini Machi 1748 akamlilia Mungu, na siku ile aliikumbuka kila mwaka mpaka uzeeni. Sasa sikiliza kilichofuata. Baada ya hapo ndio akapanda cheo kuwa nahodha wa meli za watumwa, akazifanyia kazi mpaka 1754, na kilichomtoa baharini ni ugonjwa. Juu anaendesha ibada na mabaharia, chini watu wamepangwa na minyororo miguuni. Maandishi yake ya kuipinga biashara ile yalitoka 1788, hesabu mwenyewe, miaka 40 tangu dhoruba. Alikuwa anasali kweli, ila kuna chumba cha kichwa chake Injili ilikuwa haijaingia, na jamii nzima iliyomzunguka ilikuwa inamwambia hakuna tatizo.

Komandoo wa Imani
Huyo hakuokoka 1748. Aliogopa kufa maji tu.

Swali Gumu
Na Paulo je? Warumi 7:19, lile jema nilipendalo silitendi, bali lile baya nisilolipenda ndilo nilitendalo.

Komandoo wa Imani
Hapo anaongelea maisha yake kabla ya kuokoka, soma vizuri.

Katekista Mstaafu
Wadogo zangu, hiyo Warumi 7 msitegemee kuimaliza leo. Agostino, yule askofu wa Kanisa la kale, alianza na msimamo kama wa Komandoo, uzeeni akahamia kwa Swali Gumu. Luther, mwanzilishi wa matengenezo ya Kanisa, naye mwaka 1517, hoja yake ya kwanza kabisa kati ya zile 95 za kupinga uuzaji wa vyeti vya msamaha, akasema maisha yote ya muumini yawe ni toba. Akaja Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, akahubiri kwamba ukamilifu katika upendo unawezekana hapahapa duniani. Wote hao walikuwa wasomi wa Biblia. Turudi kwenye mada.

Natafuta Jibu
Mimi siamini na nimeacha pombe bila Yesu. Ubongo unajifunza tabia mpya ukiurudia rudia, hakuna muujiza hapo. Mnaita kufanywa upya nia, wengine tunaita mazoezi.

Kibatari
Hongera kwa pombe mkuu, kwa kweli. Ila sidhani kama tunabishana. Waefeso 4 yenyewe inasema vua utu wa zamani, vaa utu mpya, na kuvaa ni kitu unafanya kila siku.

Kijana wa Usiku
Naomba ushauri, na msinicheke. Nimeokoka, natumika kwenye vyombo kanisani, lakini usiku nikibaki na simu peke yangu naishia kwenye picha chafu. Natubu asubuhi, naanguka usiku. Nimefunga, nimeombewa, nimefuta kila kitu, narudi. Nimefika mahali nasikia aibu hata kutubu.

Dada Mpole
Tupa simu.

Kibatari
Usitupe, atanunua nyingine kubwa zaidi.

Komandoo wa Imani
Nenda maombi ya ukombozi, hilo ni pepo.

Mzee wa Benchi la Nyuma
Mwanangu usikimbilie kuambiwa una pepo. Yesu alisema yule pepo akitoka akirudi anakuta nyumba ni tupu, imefagiwa, imepambwa, ndio anakuja na wenzake saba wabaya kuliko yeye. Wewe umefagia sana. Umeweka nini ndani? Saa hizo za usiku jaza kitu, na mtafute mtu mmoja, MMOJA, unayemheshimu umwambie kama ulivyotuambia sisi. Simu ilale chumba kingine, hilo nakubaliana na watupaji nusu.

Kijana wa Usiku
Asante mzee. Hilo la kumwambia mtu ndio gumu.

Leja
Huwa nasoma tu na kupita ila hii mada imenikuta pabaya. Nilikuwa karani wa stoo kwenye kampuni moja. Mzigo ukiingia naandika pungufu, dereva anabaki na tofauti, tunagawana. Ukafanyika ukaguzi. Wiki waliyoiangukia, sahihi kwenye leja ilikuwa ya mwenzangu wa zamu, kijana mpole asiye na maneno, alikuwa ananisainia nikichelewa kwa sababu ya urafiki tu. Wakamfukuza kazi kama mwizi. Mimi ndiye niliyepitisha bahasha ya mchango wa nauli yake ya kurudi kwao, nikatoa kuliko wote, na nawaambia ukweli, siku ile nilijisikia mtu mwema.

Miaka ikapita nikaokoka. Nikasimama madhabahuni nikasema Bwana amenitoa kwenye wizi, kanisa likalipuka kwa vigelegele. Hakuna aliyeuliza niliiba cha nani. Na mimi sikujiuliza. Ushuhuda huo nimeutoa mara nyingi tu, kwenye semina, kwenye mikesha, ukawa mtamu kila nikiusimulia. Mpaka mhubiri mmoja akafundisha Zakayo, yule tajiri mtoza ushuru. Akauliza, nani alimwambia Zakayo arudishe? Nikafungua Luka 19 nikatafuta. Hakuna. Yesu hajamwambia neno kuhusu hela. Mtu kasimama mwenyewe akasema nusu ya mali nawapa maskini, na niliyemnyang'anya namrudishia mara nne. Toka siku hiyo usingizi ukawa wa shida. Nikaulizia mpaka nikajua yule kijana yuko wapi, nikajifungasha na hela kwenye bahasha nikaenda. Nikafika nikamkuta yuko nje anafungua pampu ya maji, kanywea, mvi zimejaa, na mimi ndio mkubwa kwake. Akaniona, akanitambua hapohapo, akat

Samahanini naitwa, nitamalizia.

Dada Mpole
LEJA RUDI HAPA

Mama Upendo
Mtu unaanzaje story namna hii halafu unaitwa?? Na nani?

Komandoo wa Imani
Huyu ndio mfano wa mtu aliyepigiwa vigelegele kabla ya toba.

Swali Gumu
Au mfano wa ninachosema, kwamba nia inafanywa upya kipande kwa kipande.

Komandoo wa Imani
Umeanza tena.

Kibatari
Wakati tunasubiri, hesabu ni ipi? Zakayo kasema mara nne. Hesabu 5:7 inasema rudisha kamili na uongeze sehemu ya tano juu yake. Kuna tofauti kubwa hapo kwa mtu mwenye mshahara wa karani.

Katekista Mstaafu
Mara nne ni sheria ya kondoo aliyeibwa akachinjwa au kuuzwa, Kutoka 22:1. Sehemu ya tano ni ya anayekiri mwenyewe. Zakayo alijihukumu kwa ile kali.

Leja
Nimerudi. Akatikisa kichwa tu kunisalimia akaendelea na spana yake. Nikamwambia yote nimesimama, hakunikaribisha kukaa na sikustahili. Sikumwambia habari za wokovu wangu, nilikuwa nimepanga kuanzia hapo lakini mdomo ukakataa. Nikasema leja zile niliziandika mimi, hela tulikula mimi na dereva, wewe hukujua lolote. Muda wote anakaza na kulegeza nati ileile. Nilipomaliza akaniuliza kitu kimoja, "Baba yangu alikufa anajua mimi ni mwizi. Na hilo umekuja kulirudisha?"

Sikuwa na jibu. Nikanyoosha bahasha hakuipokea. Akasema, "Hela kaa nayo. Nenda kaandike kule waliponifukuza, uandike na jina langu kamili." Akanigeuzia mgongo. Hakunisamehe, na sitaki mtu aje kunipa moyo kwamba alinisamehe ndani ya roho yake. Ushuhuda wangu wa madhabahuni sijautoa tena tangu siku ile, nikiitwa nakataa.

Dada Mpole
Mungu wangu. Hilo swali la baba.

Mzee wa Benchi la Nyuma
Nimelisoma nikaweka simu chini.

Natafuta Jibu
Kwa hapa mmenipa kazi. Vitabu vingi vya kujiboresha vingemwambia ajisamehe asonge mbele. Huyu kakataa kusonga mbele. Hiyo sio mazoezi ya tabia, sijui niiite nini.

Mama Upendo
Leja barua uliandika?

Leja
Niliandika, jina lake nikaliweka mstari wa kwanza. Wamenijibu wananiita kwenye kikao. Mke wangu hataki niende, anasema tuna watoto wanasoma, na kwamba Mungu alishasamehe kwa nini nichimbue. Simlaumu, anaogopa na mimi naogopa.

Komandoo wa Imani
Nenda ndugu. Bwana atakufungulia mlango, hawatakufanya kitu.

Swali Gumu
Usimdanganye. Wanaweza kumpeleka polisi na bado akawa amefanya sawa. Zakayo hakupewa dhamana ya kutoshtakiwa.

Kibatari
Kabla hujaenda ongea na mwanasheria.

Komandoo wa Imani
Mwanasheria wa nini, anaenda kukiri au kujitetea?

Kibatari
Anaenda kukiri, mwanasheria ni wa kuhakikisha ile barua haiishii kwenye droo na jina la yule kijana linasafishwa kwa maandishi. Hilo ndilo aliloombwa.

Leja
Hilo sikuliwaza. Kuna mtu anajua mwanasheria asiye na maneno mengi? Kikao ni Jumanne.