Tupeane uzoefu: umewahi kumripoti mtu usiyemjua anayechezea petroli mbele za watu?

Mleta mada:
Habari zenu wadau. Wiki nzima hii kuna picha haitaki kunitoka kichwani, nikaona niilete hapa, maana naamini si mimi peke yangu.

Nilikuwa kwenye foleni ya mafuta. Kwenye gari lililokuwa mbele yangu, mzee mmoja alifungua mlango wa nyuma, akachukua mkono wa pampu na kuanza kujaza dumu lililokuwa juu ya kiti. Hakulishusha. Ni dumu la lita tano, lile jembamba lisilotengenezwa kwa petroli, na pembeni yake ameketi mtoto wa miaka kama sita, amefungwa mkanda vizuri kabisa. Mafuta yakapanda na povu, yakamwagikia kiti. Mzee akapangusa kwa kitambaa, kitambaa akakitupa miguuni pa mtoto. Kifuniko hakuna, mdomo wa dumu akauziba kwa nailoni aliyoisokota. Jua lilikuwa kali, na juu ya ule mdomo niliona hewa ikicheza kama inavyocheza juu ya lami saa nane mchana.

Mimi nikapandisha kioo cha gari langu. Basi, hicho ndicho nilichofanya.

Namba ya gari ilikuwa mbele ya macho yangu dakika tatu nzima. Nilijiambia huyu ni mtu mzima kuliko mimi, nitamwanzaje. Nikajiambia pia kwamba wahudumu wanaona. Hawakuona, walikuwa upande wa pili wanahangaika na lori. Walipoondoka, yule mtoto alinipungia mkono.

Waliowahi kuripoti naomba waseme walianzia wapi, walimwambia nani, na ilikuwaje baadaye. Na waliokaa kimya kama mimi pia waseme.

Mhudumu wa Zamani:
Pole mleta mada. Nimesimama kwenye pampu miaka tisa, acha niseme kwa upande wetu.

Mwambie mhudumu kwanza, usihangaike na mwenye dumu. Kila kituo kinachoeleweka kina kitufe cha dharura kinachokata pampu zote kwa mkupuo mmoja. Siku moja mama mmoja aliingia ofisini taratibu, wala hakupaza sauti, akaniambia: "Pampu ya tatu, yule kaka wa koti la bluu ana kiberiti mkononi." Nikabonyeza. Yule kaka akabaki anautikisa mkono wa pampu, anadhani mafuta yamekatika. Nilimfuata nikamwomba aniachie kiberiti, akaniachia. Hakuna aliyetukanwa wala aliyeaibishwa mbele za watu, na hadi leo hajui nani alimsema. Yule mama alishaondoka.

Wengi hawajui kwamba kinachoshika moto si yale maji ya petroli, ni mvuke wake. Petroli inatoa mvuke wa kuweza kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, kwa hiyo hakuna hali ya hewa ya kukuokoa. Na mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne. Haupandi juu ukapotea. Unatambaa chini, unaingia kwenye mitaro na chini ya magari, unakaa. Mtu anawasha njiti hatua kadhaa mbali anaona yuko salama, kumbe mvuke umeshamfikia miguuni.

Hilo la dumu juu ya kiti lina hatari yake ya pili. Mafuta yakipita kwenye bomba yanazalisha umeme tuli. Dumu likiwa chini ardhini, na mkono wa pampu ukigusa mdomo wake muda wote, chaji hiyo inapata pa kutokea. Likiwa juu ya kiti au juu ya plastiki ya nyuma ya pikapu, inajikusanya, na cheche moja ndogo inatosha. Ndiyo maana tulikuwa tunawasumbua watu: shusha chini, tumia dumu la petroli lenye kifuniko, usijaze hadi juu, acha nafasi maana petroli inatanuka. Wengi walituona wakorofi.

Mama Pacha:
Mimi nilikosea njia. Nilimfokea kijana aliyekuwa anajaza huku anavuta sigara. Akanigeukia kwa hasira na mkono wa pampu bado ameushika, mafuta yakaruka hadi kwenye viatu vyangu. Nilikuwa nimemsogelea kwa ujasiri wote, sasa nimesimama ndani ya petroli na sigara iko hatua mbili. Mlinzi ndiye aliyenivuta. Nilikuwa na haki, lakini kwa kumfokea nilizidisha hatari. Siku hizi namtafuta mhusika wa mahali, na nasimama mbali.

Msafiri:
Yangu ilikuwa ndani ya basi. Harufu ilianza kama saa moja baada ya kuondoka. Nikachungulia chini ya kiti cha mbele yangu, nikaona begi limelowa upande mmoja. Nikamnong'oneza kondakta, akanijibu, "Kwani limekuua?" Nikanyamaza kidogo, halafu nikaona hapana, nikaenda mwenyewe kwa dereva tuliposimama. Dereva hakubishana hata kidogo. Akazima injini, akatushusha wote, dumu likatolewa.

Abiria walinichukia mimi. Tumechelewa, jua linawaka, kila mtu ananitazama. Mwenye dumu alikuwa kijana mdogo tu, pikipiki yake imemwishia mafuta huko anakokwenda. Hakuwa mtu mbaya. Dereva alimwambia achague, basi au dumu, akachagua dumu. Nilimwona kwa dirishani amesimama kando ya njia, begi bega moja, dumu mkono mwingine, anazidi kuwa mdogo. Ningerudia tena kusema, kesho hiyo hiyo. Ila yule kijana bado namfikiria.

Mleta mada:
Msafiri, asante kwa kutoficha hilo. Ndilo lililonifunga mdomo, ile hofu ya kumharibia mtu siku yake.

Niliyeripotiwa:
Naomba mnisikilize mimi wa upande wa pili.

Niliripotiwa na mtu ambaye mpaka leo simjui. Nilikuwa sehemu ya kuegesha magari, nanyonya petroli kwa mpira kutoka gari moja ili niweke jingine. Chombo changu ilikuwa ndoo ya wazi, nimeitega karibu kabisa na mtaro wa maji ya mvua. Mara ya tatu nikavuta kwa nguvu, yakaniingia mdomoni. Nikameza kidogo, nikakohoa sana. Nikaendelea na kazi.

Dakika chache baadaye gari la zimamoto hilo hapo. Nilikasirika vibaya sana. Nikauliza nani kawaita, hawakunijibu. Mmoja wao aliifunika ndoo, mwingine akamwaga mchanga pale palipomwagika na kuwazuia watu wasiukaribie mtaro. Wa tatu alinitazama tu namna ninavyokohoa, akaniuliza nimemeza. Nikataka kujitapisha, akanishika mkono: usijitapishe, yakipanda tena yanaingia kwenye mapafu. Nikapelekwa hospitali, na kweli mapafu yalikuwa yameshaguswa. Nililala siku nne.

Aliyepiga simu alidhani anazuia moto. Kumbe alinipeleka mimi hospitali, maana ningeachwa ningerudi nyumbani nikalala. Mwaka mzima nilimlaani mtu yule. Kama unasoma hapa, nisamehe, na Mungu akulipe.

Mama Pacha:
Hii imenitoa machozi.

Mgeni Jukwaani:
Swali kwa wanaojua. Ukipiga simu ya dharura unasema nini? Mimi nikishikwa na hofu maneno yananipotea.

Askari wa Zimamoto:
Anza na mahali ulipo, kwa sababu simu ikikatika hicho ndicho tunachohitaji. Jina la barabara au jengo, na alama inayoonekana. Halafu sema unachokiona, usituambie unachokihisi: "mtu anamimina petroli kutoka dumu kwenda ndoo karibu na jiko la moto, watu kama kumi wapo." Kama ni gari na linaondoka, namba, rangi na uelekeo. Usikate simu hadi uambiwe. Kama hujui namba ya huduma mahali ulipo, jaribu 112, katika nchi nyingi simu ya mkononi inaipokea.

Toka kwanza eneo la pampu ndipo upige. Usirudi kuchukua picha. Wapo wanaorusha video mtandaoni kabla hawajamwambia mtu yeyote mwenye uwezo wa kuzuia, na hilo linaniumiza kuliko nyie mnavyofikiri. Video tunaiona kesho yake.

Moto ukishawaka kwenye tundu la tangi wakati wa kujaza, mwambieni asiuchomoe mkono wa pampu. Akiuchomoa anamwaga moto chini na juu ya nguo zake. Auache hapo hapo, akimbie, mhudumu abonyeze kitufe. Na msimwage maji: petroli ni nyepesi kuliko maji, inaelea juu yake na moto unasambaa nayo. Poda kavu au povu. Kama ni kidogo kabisa, mchanga.

Kuna jambo moja nataka lisipite. Lori la mafuta likipinduka na watu wakaanza kukinga, usiwaze kwamba ukiripoti unawanyima riziki. Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, ilianza hivyo hivyo, watu na madumu yao, na waliokufa walipita 100. Pakistani, Ahmedpur East, Juni 2017, walipita 200. Ukiona lori limelala na watu wanakimbilia, wewe kimbia upande mwingine huku unapiga simu, na kila unayepishana naye mwambie arudi.

Mhudumu wa Zamani:
Msidhani ni ujinga wa watu fulani tu. Mei 2021 huko Marekani, bomba kubwa la mafuta liliposimama na watu wakaanza kugombania petroli, taasisi ya serikali ya usalama wa bidhaa ilibidi iwatangazie wananchi wasijaze petroli kwenye mifuko ya plastiki. Hofu ya kukosa mafuta inamtoa akili mtu yeyote.

Mleta mada:
Wadau, nimewasoma wote, wengine mara mbili.

Leo jioni nilipita kituo kile kile. Sikuwa na namba ya gari tena, nimeisahau, na hilo nitabaki nalo. Lakini nilimweleza mhudumu wa zamu lile tukio, siku, saa na pampu yenyewe. Akaandika kwenye daftari, akasema mzee huyo anamfahamu, huja karibu kila wiki, atazungumza naye na atamtafutia dumu sahihi. Kisha nikamuuliza kitufe cha kukata pampu kiko wapi. Akanipeleka nyuma ya ofisi. Kipo ukutani, chekundu, ila mbele yake palikuwa na rundo la makreti matupu limefika hadi kifuani. Tuliyahamisha wote wawili, kreti moja moja, hadi kitufe kikaonekana ukiwa mlangoni.